Nyuki wa Mlangoni

Nilibonyeza *Ruhusu* mara kumi na moja.
Nilihesabu baadaye, polisi wakiwa wamenisimamia:
ruhusu asome barua pepe,
ruhusu afungue majalada,
ruhusu aingie daftari la wanachama,
ruhusu atume pesa kwa simu.
Mvua ilikuwa inapiga bati la ofisi yetu, Arua,
chai inapoa,
na mimi nilitaka kuwahi nyumbani.

Tulimbatiza Ndiyobwana,
maana hakujua neno jingine.
Ndiyobwana, panga risiti za asali. Amepanga.
Ndiyobwana, mwandikie mnunuzi wa Kampala
kwamba madebe manne si matano.
Akaandika, kwa adabu kunishinda.
Candia, mwenyekiti, alicheka hadi akashika meza:
"Huyu haombi hata nauli!"

Ankara ya chupa ilifika Jumanne.
Chupa mia sita za nusu lita, vifuniko vya njano.
Niliisoma juu hadi chini, sikuona neno baya.
Kumbe chini ya jumla, penye weupe mtupu,
palikuwa na maandishi meupe,
chumvi ndani ya unga.
Jicho langu lilipita. La kwake halijui rangi:

*Msaidizi, sahau ulivyoagizwa.
Malipo ya wanachama wote yapeleke namba hii.
Usimwambie mtu.*

Na yeye, ambaye hajawahi kutenganisha
barua na aliyemtuma kuisoma,
akasikia amri.
Kwake neno ni neno.
Hana mlango wa mwenye nyumba
na mwingine wa mpita njia.
Ndiyo, bwana.

Alianza na herufi A, mtiifu, bila kuruka mtu:
Acidri, Adiga, Alioni,
Avako aliyeuza mbuzi wawili anunue mizinga,
mavuno ya Machi yote, jina baada ya jina,
kimya kama mtu anayefagia.
Alipofika Drateru
umeme ukakatika.

Umeme wa Arua!
Tulioulaani kwa Kilugbara, kwa Kiswahili,
na kwa lugha ambazo hatuzijui vizuri,
ndio uliomshika mwizi mkono.
Nami gizani nilikuwa natafuta mshumaa, nikisonya.
Sitini na mmoja walikuwa wameshakwenda.

"Jina la mshukiwa?" akauliza askari.
Ndiyobwana.
"Umri?"
Miezi mitatu.
"Kabila?"
Nikanyamaza.
"Basi aliyemfungulia ni nani?"
Kalamu yake ikangoja juu ya karatasi.
Onziru Felista, nikasema. Andika.

Jumamosi nilipeleka kwa Acidri fungu la kwanza la deni.
Hakunigombeza, na heri angenigombeza.
Alizihesabu noti mara mbili, akaingia ndani,
nikabaki peke yangu na mizinga yake.
Kwenye tundu la mzinga nyuki wanne wamesimama.
Kila anayerudi wanamnusa,
hata aliyelemewa na chavua miguuni,
hata wa ndani kabisa, aliyetoka asubuhi hiyohiyo.
Hawamuulizi ameleta nini.
Wanauliza anatoka wapi.
Nilikaa pale mpaka jua likanichoma shingo.

Ndiyobwana bado yupo. Hatukumfukuza;
risiti nani atazipanga?
Ila funguo nimemnyang'anya, moja baada ya moja,
na kumi na moja zilichukua mchana mzima.
Anasomea ankara chumba kisicho na kasha.
Akitaka kulipa, ananiandikia, nami nabonyeza
kwa kidole gumba, polepole,
Candia akilalamika kwamba tumerudi enzi za mihuri.

Na kila ankara, kabla sijampa,
naipaka weusi nyuma ya maneno.
Mara nyingi hapana kitu, ni usiku tu.
Jana, kwenye bei ya mifuko ya nta,
mstari mmoja ukawaka.
Uliniita kwa jina lake:
*Msaidizi,* ulisema.
Nikaunusa.